Andika Kuwa Bibi Yu Hai

Jambo lililoninyima usingizi lilikuwa dogo, na ndiyo maana niliona haya kumwambia mtu. Ofisi yetu ya serikali hapa Ibra, Oman, ilikuwa imeanza kutoa namba kwa watu wanaokuja kushughulikia misaada ya wazee na wajane. Mpango ule niliuandika mimi, na dirishani nilikaa mimi. Je, ningeweza kumkalisha bibi yangu mwenyewe kwenye foleni? Na kama singeweza, nilikuwa na uso gani wa kumkalisha bibi wa mtu mwingine?

Mtu mwingine angejibu maswali hayo akinywa chai, akaendelea na siku yake. Mimi sina kipaji hicho. Nikimwandikia mudiri wangu, mkuu wa ofisi yetu, ujumbe wa neno moja tu, ahsante, huufuta, huuandika tena, hujiuliza kama ahsante peke yake haionekani kavu, na kama nikiongeza "sana" haitaonekana namsanifu. Ujumbe hufika jioni, wakati yeye ameshasahau alinifanyia nini.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu anafanya kazi hospitali Maskati na anakuja mwisho wa wiki, kwa hiyo utoto wangu wote ulikuwa Ibra, katika nyumba ya Bibi, mwanamke aliyezaliwa Unguja mjini na kufika Oman akiwa tayari na watoto wawili. Nje tulisema Kiarabu kama watu wote. Ndani Bibi hakuitikia lugha nyingine. Nikirudi kutoka shule nikaomba maji kwa Kiarabu, alinitazama kama vile sijasema kitu, mpaka niombe kwa Kiswahili. Binamu zangu walimwona mkali. Mimi leo nashukuru, maana wao wanaelewa tu wakisemeshwa, na mimi najua hata kutania.

Nilikwenda kusoma fedha za umma India, mjini Pune. Watu wa hapa wakisikia India hufikiria matibabu na vitambaa vya harusi. Mimi nilikwenda kujifunza namna serikali inavyokusanya kodi na namna inavyozitoa, na sikujua kama ningelipenda jambo hilo mpaka nilipokuwa ndani yake. Walimu wetu walitusimulia malori yaliyokuwa yakilala mpakani mwa jimbo na jimbo yakingoja kukaguliwa makaratasi ya kodi, kabla kodi nyingi hazijaunganishwa kuwa moja. Walitueleza ruzuku ya gesi ya kupikia, ambayo zamani ilipita mikono mingi kabla haijafika jikoni, na sasa huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye jiko. Darasani tulibishana kama mambo hayo yamefaulu au yamefaulu nusu. Wapo waliosema mikono imehamia mahali pengine tu. Nilipenda kwamba walimu hawakutuzuia kusema hivyo.

Lakini aliyenifanya niyaone mambo hayo kwa macho alikuwa mwenye nyumba wangu, mjane ambaye wapangaji wote tulimwita Anti. Alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya hazina ya wilaya. Hakula nyama wala samaki, na nyumba yake haikuwahi kunuka samaki tangu ijengwe, lakini mwaka wangu wa kwanza, aliponiona nimekonda, alininunulia jiko dogo akaliweka roshanini, akaniambia nikaange huko nje na nifunge mlango. Kila nilipokaanga alipita sebuleni akiimba kwa sauti ya juu, ili nijue kwamba hasikii harufu. Bibi aliposikia habari hiyo alimpelekea halua ya Nizwa kwa mkono wa kila aliyesafiri, na wanawake wale wawili, ambao hawajaonana mpaka leo, wakawa wanaulizana hali kupitia kwangu.

Anti alinisimulia kazi yake tukimenya kitunguu thomu. Mwaka wa fedha wa India unakwisha mwisho wa Machi, na mwezi huo ofisi zote za wilaya zilikuwa zikikumbuka ghafla kwamba zina pesa hazijatumika. Hati za malipo zilifika zimefungwa kwa kitambaa chekundu, marobota kwa marobota, na yeye na wenzake walikula na kulala pale pale. Hati iliyokuwa chini ya robota iliweza kuja juu kama mwenyewe ana shemeji ofisini. Kisha zikaletwa kompyuta, na ikaamuliwa kwamba iliyoingia kwanza italipwa kwanza. Anti alisema siku hiyo ndipo alipojua ana mashemeji wangapi.

Alinisimulia pia juu ya Novemba. Wastaafu wa India, mara moja kwa mwaka, hutakiwa kuthibitisha kuwa wako hai, ili serikali isiendelee kuwalipa waliokwisha kuzikwa. Yeye mwenyewe nilimsindikiza mwaka mmoja. Alivaa sari nzuri, akatia mafuta nywele, akaniambia kwamba ukienda kuthibitisha uhai sharti ufanane na mtu aliye hai.

Nikarudi nyumbani, nikapata kazi Ibra, na mudiri, mzaliwa wa Nizwa, mtu mpole anayependa kunywa kahawa amesimama, akaniuliza siku moja nilisoma nini hasa huko India. Nilimjibu kwa dakika nyingi mno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niandike. Zamani, mtu akija ofisini kwetu hakuangalia foleni, alimwangalia anayemjua. Waliokuwa na mtu waliingia ndani kunywa kahawa, na wasio na mtu walisimama. Niliandika mpango wa namba, na wa kuwaona wazee wenyewe mara moja kwa mwaka. Anayeweza kutembea angekuja, na asiyeweza tungemfuata kwake. Wakubwa wa Maskati walikubali tujaribu kwa msimu mmoja, na mudiri aliniambia wazi kwamba mpango ukishindwa tutarudi kama zamani, na hawatauliza tena.

Jumatano ni siku ya soko la wanawake hapa Ibra. Wanakuja kutoka vijijini na kutoka mchangani, kule jangwani kwa Mabedui, na wakishauza na kununua hupitia ofisini. Jumatano ya kwanza ya namba ukumbi ulijaa, na mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Ndipo akaja dirishani mama mmoja mtu mzima, rafiki wa Bibi, mwanamke wa Pemba kwa asili. Aliniinamia akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayeniletea zawadi, "Weye si mjukuu wa fulani weye?"

Nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu iliamua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza Mama hajambo, na Bibi goti lake vipi, na mkono wake ukapitisha kadi yake chini ya kioo huku tunaendelea kuulizana. Ningemwambiaje arudi nyuma mtu aliyekwisha kuniitikia marahaba? Nilimshughulikia. Akaniombea dua, akaenda zake.

Mbele yake, kwa namba, alikuwapo mama wa Kibedui, mwenye barakoa ya usoni ya desturi yao na mtoto aliyelala mapajani. Aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi. Aliikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akambeba mtoto akatoka. Siku hiyo hakurudi.

Mudiri hajui Kiswahili. Baada ya watu kuondoka alikuja na kikombe chake, akaegemea dirisha langu. "Naona anayesema Kiswahili mambo yake yanakwenda haraka," alisema. "Na mimi nijifunze?"

Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikanawa uso.

Kwa wiki nzima niliwaza kwamba lugha aliyonipa Bibi imekuwa mlango wa nyuma wa ofisi ya serikali. Niliwaza nijifanye siijui. Nikawaza hilo nalo, nikaona kama namkana Bibi mbele ya watu. Nikawaza niombe kuhamishiwa Sur, ambako hawanijui, nikakumbuka kwamba huko huko, mtaa wa Aija peke yake, kuna shangazi zangu wa kutosha kujaza ukumbi. Mwishowe nikampigia simu Anti.

Alinisikiliza, kisha akanipa kisa ambacho kwa miaka yote ile hakunisimulia. Mwaka ule hazina ilipoanza utaratibu wa namba, kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu, alikuja dirishani kwake. Anti alimwambia kaka yake achukue namba asubiri kama watu wote. Alijivuna sana siku hiyo. Kaka yake alisubiri, akahudumiwa, akaenda, na mwaka huo hakukanyaga kwake sikukuu ya taa. "Nilidhani amekasirika kwa sababu nilimsubirisha," Anti alisema. "Siyo. Nilimwambia kupitia kioo, bila ya kuinua uso. Hata hali sikumuuliza. Alisema alijiona kama mtu asiye na ndugu duniani."

"Sasa ulifanya nini?"

"Nikawa natoka kila asubuhi nasalimia ukumbi mzima, kisha narudi ndani nafungua dirisha. Wenzangu walinicheka. Sikia, mwanangu, wewe unatoka kwa watu wanaojua kusalimia kuliko sisi. Kwa nini salamu yote unaibana katika tundu la kioo?"

Mpaka leo sijui namna ya kumshukuru kwa sentensi hiyo. Nilimpelekea halua, na yeye akanijibu kwa picha ya sahani tupu.

Jumatano iliyofuata, kabla ya kufungua dirisha, nilitoka nje ya chumba. Kwetu mtu akiingia kwenye majlisi, chumba cha wageni, humpa mkono kila aliyepo, kuanzia kulia, hata kama amefuata mmoja tu. Nilifanya hivyo ukumbini. Wanaume niliwasalimia kwa mbali, mkono kifuani. Wanawake niliwapa mkono mmoja mmoja, nikawauliza habari zao, za njiani, za watoto, za mvua. Wazee wa Kiswahili niliwaamkia shikamoo pale pale walipokaa. Farashi wetu, mtumishi wa ofisi, alipita na kahawa na tende. Mzee mmoja alimuuliza jirani yake, na mimi nikisikia, kama huyu binti anagombea ubunge wa baraza la shura.

Nilipokwisha, nilirudi ndani nikafungua dirisha, na asubuhi nzima hakuna aliyeniuliza mimi mjukuu wa nani. Walikwisha kuniuliza. Wiki iliyofuata yule mama wa Kibedui alirudi pamoja na wenzake wa kijijini. Nilipompa mkono aliushika muda mrefu kuliko kawaida, basi. Shida yake haikwisha siku ile, ilitaka karatasi kutoka Sur, na nikamwomba arudi tena.

Wenzangu wa madirisha mengine nao walianza kutoka asubuhi, bila ya kuambiwa, na nawashukuru kwa kuwa hawakunifanyia mzaha mwingi kuliko nilivyostahili. Nilianza kulala. Ndipo Bibi akapata ujumbe kwenye simu yake kwamba mwezi huo ni zamu yake kufika ofisini.

Tulikuwa tunakula mkate wa mofa. Aliusoma ujumbe, akaniwekea simu mbele ya sahani. "Haya, andika kuwa bibi yako yu hai," alisema.

Nikamwambia sharti afike mwenyewe.

"Nifike wapi? Hunioni hapa? Au ni maiti huyu anayekukaangia samaki?"

Nilimweleza utaratibu. Nilimweleza India, na wastaafu wa Novemba, na Anti na sari yake. Bibi alisikiliza huku akifuta mikono. "Yaani walikusomesha miaka yote ile," alisema, "uje umuulize bibi yako kama amekufa?"

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Nikamwambia nitampeleka kwa gari na kumrudisha. Akasema tatizo si gari, kila Jumatano anakwenda soko la wanawake kwa miguu yake. Tatizo ni kwamba mtu aliyemfunza kutembea anamtaka aje kusimama mbele yake athibitishe kuwa anapumua. "Na nikisha kufika n'takaa na namba kama nimekuja kupima sukari?"

"Ndiyo, Bibi."

Alinyanyua sahani yangu kabla sijamaliza.

Tangu siku hiyo Bibi akaanza kusema nami kwa Kiarabu. Hakugomba, hakununa. Chakula kilikuwa tayari, nguo zimekunjwa, na kila neno lilikuwa la adabu kabisa, kwa Kiarabu kile cha kuwaambia wageni karibuni. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili, na yeye akaendelea kwa Kiarabu, sisi wawili peke yetu jikoni. Mama alipokuja mwisho wa wiki alitutazama akauliza nani amefariki. Hakuna aliyecheka.

Mwenzangu wa dirisha la pili, msichana mwema, aliona hali yangu akajitolea kumtia Bibi kwenye kompyuta yeye. Nilichotakiwa ni kugeuza uso. Nilishukuru, nikasema nitafikiri, na kwa bahati mbaya nikafikiri kweli. Nani angedhurika? Bibi yu hai, hilo si uongo, nimeishuhudia pumzi yake asubuhi na jioni. Niliwaza pia kumwandika kuwa hawezi kutembea, kwa ajili ya lile goti, halafu tumfuate nyumbani, yaani mimi mwenyewe nije na begi nibishe hodi mlangoni kwangu. Kila njia niliyoifikiria ilikuwa rahisi na kila moja ilianza na maneno yale yale, kwamba huyu ni tofauti. Wote waliokuwa wakiingia ndani kunywa kahawa zamani, nadhani, kila mmoja alikuwa tofauti kwa mtu fulani.

Na upande wa pili niliwaza, ni kitu gani hiki ninachokilinda mpaka nimpoteze Bibi kwa ajili yake? Karatasi yenye namba. Msimu ukiisha Maskati wanaweza kuifuta kwa barua ya mistari miwili, na mimi nitabaki katika nyumba yenye Kiarabu cha wageni.

Sikumgusia tena. Mwezi ulikuwa unaelekea mwisho. Nilimwachia Mungu, ingawa nilikuwa nikimkumbusha mara kwa mara.

Alikuja Jumatano, saa zile soko linapopungua. Salamu tulikwisha kuzitoa asubuhi na ukumbi ulikuwa umejaa watu wengine. Nilimwona tangu mlangoni, buibui lake la kutokea na mkoba wa udi na vitambaa. Nikakumbuka nilivyocheka Anti alipovaa vizuri ili afanane na walio hai, maana Bibi naye alikuwa amejitia hina. Alipita mashine ya namba bila ya kuiangalia. Alikuja moja kwa moja mpaka kiooni, akaweka mkono wake juu ya ubao.

"Mwanangu," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kunipa tangu siku ya mofa.

"Nimekuja. Nitazame basi, uandike, niende zangu."

Kwenye kiti cha mbele alikaa yule mama wa Kibedui, karatasi ya Sur imeshafika, namba yake ndiyo inayofuata. Mtoto safari hii alikuwa macho. Mudiri alikuwa mlangoni kwake na kikombe. Mwenzangu wa dirisha la pili alinitupia jicho, akaweka vidole juu ya kompyuta yake, tayari. Kumwandika Bibi kungechukua muda mfupi kuliko kuyaeleza haya. Angerudi nyumbani anasema Kiswahili, na jioni tungekula pamoja. Nami nilijua pia kwamba kesho yake Ibra nzima ingekuwa na bibi.

Niliinuka. Nilitoka nje ya chumba kwa mlango wa pembeni, nikamzunguka mpaka mbele yake, pasipo kioo baina yetu. Niliushika mkono wake, nikaubusu.

"Shikamoo Bibi."

Ukumbi wote ulikuwa unatazama, hata wasioelewa. "Marahaba," alisema.

Nikamuuliza goti. Nikamuuliza soko lilikuwaje, na kama udi mzuri ulibaki. Alinijibu kwa mkato, lakini kwa Kiswahili. Kisha nikaenda kwenye mashine, nikachukua namba, nikamtia mkononi, nikamwonyesha kiti pembeni ya yule mama mwenye mtoto.

"Wako watu mbele yako, Bibi. Kaa hapa. Zamu yako ikifika nitakuita mimi mwenyewe."

Aliiangalia karatasi, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kama anayekagua kitambaa asichokiamini. Akaniangalia mimi muda ule ule mrefu aliokuwa akinitazama nilipoomba maji kwa lugha isiyo yake.

"Wengi?" aliuliza.

"Wengi kiasi."

Alikaa. Akapanga buibui lake magotini, akamsogezea mtoto wa jirani mkoba wake aushike, akanipungia mkono bila ya kuniangalia.

"Haya, nenda. Usiwaweke watu."

Nikarudi ndani, nikakaa, nikaita namba ya mama wa Kibedui.